Mfalme, Laghai na Baba Mkubwa wa Kuazima

Mtu aliyekuja kuniposa kwa niaba ya mume wangu nilikuwa nimemwona akinyongwa muda mfupi tu kabla ya hapo. Alinyongwa asubuhi kweupe, katikati ya jiji, mbele ya wanafunzi wangu, na wanafunzi wangu wakampigia makofi. Kila nikijaribu kusimulia mambo haya naanzia hapo, maana ndipo kichwa changu kilipoanza kuvurugika, na sidhani kimetulia sawasawa tangu siku hiyo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya kutwa huku mtaani Satellite. Hasira zangu ziko karibu, wanafunzi wanalijua hilo, na sipendi kitu kisichoeleweka. Ndiyo maana nilipenda kufundisha tamthilia. Kwenye tamthilia jina la mtu huandikwa kabla hajafungua mdomo, na ukurasa wa kwanza unakuambia yeye ni nani: mfalme, malkia, mjane, laghai. Laiti watu wangekuja duniani hivyo, nilikuwa nikiwaambia wanafunzi, polisi wangekosa kazi na wanawake wengi wangeolewa vizuri.

Mwaka huo tulikuwa tukisoma tamthilia ya zamani sana, iliyotafsiriwa kutoka mbali, ya mfalme mmoja na laghai mmoja. Mfalme anasikia kwamba njaa inakuja, anawaambia raia walete nafaka zao zote ghalani kwake awatunzie. Laghai naye anazunguka sokoni akiwaambia wajane wampe bangili zao awatunzie, maana wezi wamekuwa wengi. Njaa inapofika, nafaka haionekani na bangili hazionekani. Mwishowe laghai ananyongwa, mfalme anatoa machozi, pazia linafungwa. Swali lisilokosa kwenye mtihani ni tofauti kati ya wahusika hao wawili, na jibu lake nililijua kama ninavyojua njia ya kwetu: mfalme ni mtu mwema aliyeharibiwa na madaraka, laghai ni mtu mwovu tangu tumboni.

Basi nikawapa wanafunzi kazi ya kuandika tofauti hizo. Wakaniletea mfanano. Karibu darasa zima, kana kwamba walikaa kikao. Wote wawili huchelewa kufika, waliandika. Wote wawili husema "sisi" wakimaanisha "mimi". Hakuna hata mmoja anayebeba mzigo kwa mikono yake. Na wote wawili huwaambia watu maneno yale yale: niachieni mimi. Msichana mmoja alimalizia insha yake kwa kusema kwamba tofauti pekee aliyoiona yeye ni kofia.

Nilipandwa na mori. Nikawauliza, "Mimi nimeitisha mbuzi, nyinyi mnaniletea kondoo?"

"Lakini madam," akasema yule msichana wa kofia, "si hawa watu wanafanya tu kitu moja?"

Nikamwambia akae chini. Alikuwa amekaa.

Nikaamua kuwapeleka mjini wakaone kwa macho yao. Kuna vikundi vya waigizaji ambao hukodi kumbi na kuigiza tamthilia zinazotahiniwa, na shule huleta watoto wakajaza viti. Ukumbi tuliokwenda ulikuwa juu ya maduka ya simu, una lifti mbovu na harufu ya viazi vya kukaanga kutoka chini. Mfalme alikuwa kijana aliyepakwa poda nyeupe kidevuni ili awe na ndevu za mvi. Kila alipokemea, poda ilimwangukia kifuani. Laghai, kwa upande wake, alikuwa mzee kweli, mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya upole. Kabla ya kumwomba mtu kitu alivua kofia, akatazama ndani yake kana kwamba maneno yamo humo, kisha akaomba taratibu. Alipomfikia mjane, wasichana wangu wakapiga kelele, "Usimpe!" Na mimi, mwalimu mzima mwenye chaki begani, nilikuwa nawaza: mimi ningempa.

Walimnyonga kwa kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye ngazi ya fundi wa rangi. Nilikuwa nimesimama kando nikiwanyamazisha watoto. Nilirudi Satellite na swali la tofauti likiwa bado halina jibu jipya, na lile la zamani likiwa limeanza kunikera.

Lakini wakati huo moyoni mwangu kulikuwa na jambo zito kuliko mtihani. Nilikuwa nataka kuolewa.

Mwanamume mwenyewe alikuwa fundi wa lifti. Tulikutana Kileleshwa, kwenye jumba la ghorofa nilikokuwa nikienda Jumamosi kumfundisha mtoto wa watu Kiswahili kilichomshinda. Lifti ilikwama kati ya ghorofa na ghorofa, mimi ndani peke yangu, nikaanza kuigonga kwa kiatu na kutoa maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Kisha sauti ikasema kutoka juu, "Tulia, madam. Wacha kupiga mlango. Niachie mimi." Mlango ulipofunguliwa nikaona kwanza mikono yenye grisi, halafu uso uliokuwa ukijizuia kucheka. Kwao ni magharibi, nyumbani kwa watu wanaosema polepole na kula haraka. Sikuona kosa lake. Nimekuja kuona mengi baadaye, lakini hayo ni ya ndoa.

Kizingiti kilikuwa baba yangu. Sisi asili yetu ni Ukambani. Baba alifanya kazi katika ofisi ya serikali mjini mpaka akastaafu, akajenga Mutuini, akafuga ng'ombe na kupanga vyumba vichache nyuma ya nyumba. Huniita "mwaitu", yaani mama yangu kwa Kikamba, kwa sababu nina jina la mama yake, na kwa jina hilo la heshima ameniamuru maisha yangu yote. Sebuleni ana kiti kimoja chenye mgongo mrefu ambacho hakuna mtu mwingine hukikalia, hata paka anajua. Anapotaka kukataa jambo huvua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha, ndipo akataze. Mama alikuwa akisema kwamba mwanamume akiwekewa kiti cha mgongo mrefu hugeuka kuwa mtu mwingine, na kwamba kosa ni la seremala.

Nilipomweleza baba juu ya fundi wangu, alifuta miwani.

"Mimi siongei na kijana," alisema. "Nitaongea na yeye nini? Mambo ya mbuzi huzungumzwa na wazee. Alete mzee wa kwao. Mtu hana mzee ni mtu amejizaa."

Mbuzi aliowataja ni wale wanaoitwa ntheo, wa kwanza kabisa, ambao bila wao kwetu hata ukifunga harusi mbele ya maaskofu bado wewe ni binti wa nyumbani aliyechelewa kurudi. Na mzee wa kuwaleta mbuzi hao hakuwepo. Baba wa fundi wangu alikuwa amefariki. Ndugu za marehemu waligombana na watoto wake kwa ajili ya mpaka wa shamba, wakaapa hawatakanyaga kwenye jambo lolote lao. Fundi wangu aliwapigia simu, akaenda mwenyewe mpaka kwao, akarudi ameinama. Nikamwambia tumweleze baba ukweli. Akasema baba yangu hataki ukweli, anataka mzee.

"Sasa tutafanya nini?" nikamuuliza.

"Niachie mimi," akasema.

Siku chache baadaye aliniambia amepata baba mkubwa. Nikauliza yupi, mbona wote walikataa. Akasema huyu ni wa upande mwingine, nisiwe na wasiwasi. Mtu anayependa huchagua maswali ya kuuliza, na mimi sikuuliza zaidi. Nilienda saluni.

Walikuja Mutuini siku ya Jumamosi, baada ya mvua, viatu vyao vikiwa na udongo mwekundu. Kwa desturi mimi sikupaswa kuonekana mpaka niitwe, kwa hiyo nilikuwa jikoni na mama, mlango umeachwa wazi kidogo ili tusikie. Wageni walichelewa kufika. Baba akachelewa zaidi kutoka chumbani, maana aliwaona wageni kupitia dirishani akasubiri wakae kwanza. Nikasikia viti vikisogezwa, salamu, maombi marefu. Halafu baba akajulisha upande wake. Akasema, "Hawa mnaowaona ni ndugu zangu."

Kisha sauti ya upande wa pili ikaanza. Ilikuwa ya upole.

"Sisi tumetoka mbali, wazee. Tumetembea tukaona ua limechanua katika boma hili, tukasema, haiwezekani ua likae bila kuulizwa ni la nani."

Mkono wangu uliokuwa ukikatakata majani ya dania ulisimama. Niliijua sauti hiyo. Nilisogea mlangoni, nikachungulia kwenye upenyo. Mzee mwembamba, mrefu, alikuwa amekaa ukutani mkabala na kiti cha baba, koti limefungwa vifungo vyote. Alivua kofia. Akatazama ndani yake.

"Mungu wangu," nikamwambia mama. "Huyo si baba mkubwa. Huyo ni laghai."

Mama aliangalia mlango, akaniangalia mimi. "Laghai gani? Amekuibia?"

"Hajaniibia. Ameibia wajane. Wakamnyonga."

Mama aliweka mwiko chini, akanishika paji la uso aone kama nina homa. Nikamweleza kwa kunong'ona: tamthilia, ukumbi, kamba ya nguo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua mwiko wake. "Kata dania," akasema.

Sijui niueleze vipi mvurugiko ulionipata. Kwanza nilimkasirikia fundi wangu, aliyekuwa amekaa pembeni ya mzee huyo, amenyoka kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nilitaka kutoka na sufuria nikamwage kila kitu. Halafu nikawaza: nikitoka, baba atavua miwani, na hiyo itakuwa mara ya mwisho mimi kuposwa katika nyumba hii. Halafu nikajikasirikia kwa kuwaza hivyo. Na huku nikikasirika nilikuwa nasikiliza, na nilichosikia kikazidi kunichanganya, kwa sababu mzee alikuwa akisema vizuri. Alitaja nasaba ya upande wao: baba wa marehemu, babu, baba wa babu, na aliyemzaa huyo, moja kwa moja bila kukohoa. Alieleza jinsi marehemu alivyokuwa mtu wa kunyamaza, na jinsi kijana alivyorithi mikono yake. Fundi wangu akainamisha kichwa. Nikaona anafuta jicho. Alikuwa akimlilia baba yake kwa maneno ya mtu ambaye hakuwahi kumwona marehemu.

Baba naye akajibu. Na hapo ndipo nilipoanza kuona nisichotaka kuona. Baba alisema, "Sisi nasi tumelea ua hilo." Sisi! Baba hajawahi kuninunulia hata rula bila mama kumkumbusha. Alisema ukoo wetu hauna haraka. Alisema mambo ya boma hili hayaamuliwi na mtu mmoja, wakati hapa hata rangi ya geti aliamua yeye. Alisogeza mkono, wengine wakanyamaza. Mzee wa upande wa pili akasogeza mkono wake, wakanyamaza tena. Alipotaka kukataa jambo fulani kuhusu siku ya kuleta mbuzi wengine, baba alivua miwani, na mzee, kabla hajajibu, akavua kofia. Wakakaa hivyo, mmoja anafuta, mwingine anatazama ndani. Insha za wanafunzi wangu zikanijia kichwani moja baada ya nyingine na alama nilizowanyima. Niliona haya peke yangu jikoni, dania mkononi.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mama alinigusa bega. "Unaitwa."

Mambo ya kuposana kwetu yana kituo kimoja ambacho kila binti hukijua. Baada ya wazee kuzungusha maneno, binti huletwa katikati, na baba humuuliza mbele ya watu wote kama anawajua wageni. Akisema hawajui, wageni huchukua mbuzi wao, na hakuna chakula. Akisema anawajua, mambo yanasonga mbele. Ni swali la desturi tu, wengi hulijibu wakicheka. Mimi niliingia sebuleni bila kucheka.

"Mwaitu," baba akasema. "Hawa watu wamekuja hapa wanasema mambo mengi. Unawajua?"

Nilimwangalia fundi wangu. Macho yake yalikuwa yale aliyorudi nayo kutoka kwa ndugu za baba yake. Nilimwangalia mzee. Kofia ilikuwa mapajani, mikono juu yake, na mara hii hakutazama ndani. Alinitazama mimi. Sikujua kama ananisihi au anangoja zamu yake ya kusema.

Namjua, nilitaka kusema. Nilimwona akinyongwa, baba. Nilikuwa nikiwanyamazisha watoto.

Ndipo macho yangu, yakitafuta mahali pa kujificha, yakaangukia wale wawili waliokaa kulia na kushoto kwa baba. Ndugu zangu, alikuwa amesema. Mmoja alikuwa jirani anayetukatia majani ya ng'ombe, amevaa tai ya baba. Wa pili alikuwa mzee wa kanisa kutoka barabara ya pili, mtu wa pande za Murang'a ambaye Kikamba chake chote ni salamu. Niliwafahamu wote wawili tangu tuhamie. Niliwapikia chai asubuhi hiyo hiyo nisione ajabu yoyote. Ndugu za baba wa kuzaliwa wako Ukambani, na tangu mazishi ya babu hawasemezani naye, na sababu yake sijawahi kuambiwa. Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Siku hiyo damu ilikataa kuja pande zote mbili, yakaja maji.

Nyani haoni kundule, na binti wa nyani pia haoni. Nilimgeukia baba. Alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake cha mgongo mrefu, miwani iko mkononi, lakini hakuwa akiifuta. Alikuwa ameikamata tu. Niliona kidole chake kikicheza juu ya kioo.

"Nawajua," nikasema.

"Unawajua vizuri?"

"Vizuri, baba."

"Hata huyu mzee?"

Hilo halikuwa kwenye desturi. "Hata yeye," nikasema. "Huyo nimemjua hata kabla hajafika hapa."

Kila mtu akacheka, wakidhani ni adabu. Baba alirudisha miwani machoni, akaegemea kiti, na uso wake wote ukalegea. "Basi," akawaambia wageni, "hayo mengine niachieni mimi."

Nilirudi jikoni nikakaa juu ya mtungi wa gesi. Nilikuwa nimeposwa, na furaha ilikuwepo, nisiseme uongo, lakini ilikuwa furaha isiyojua iketi wapi. Nilikuwa nimesema kweli tupu mbele ya wazee, na hakuna aliyedanganyika zaidi ya hapo, kama alikuwepo wa kudanganyika. Mama alipakua. Mzee alikula taratibu kama mfalme na kuongezwa kama laghai.

Nilimvizia alipotoka nje kunawa mikono. Nilimmiminia maji kwa jagi kama anavyomiminiwa mkwe, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, mimi ni mwalimu. Nilileta watoto ukumbini."

"Nakujua, madam," akasema bila kushtuka. "Wewe ndio ulikuwa unawaambia shhh nikikufa. Nilisikia. Asante."

"Amekutoa wapi, huyu?"

"Alikuja kutengeneza lifti ya ukumbi. Kwanza alimtaka mfalme. Lakini mfalme ni kijana, ukitoa ile poda hana hata ndevu moja. Akasema basi, atachukua laghai."

Sikujua nicheke au nimmwagie maji yaliyobaki. Nikamuuliza lililokuwa likinisumbua kuliko yote. "Leo ulikuwa nani? Ulicheza mfalme ama laghai?"

Alisimama akikung'uta mikono. Nikaona kwamba swali limemchanganya yeye pia.

"Sijui, madam," akasema. "Mimi hukariri tu maneno. Nguo ndio huniambia mimi ni nani. Nikivalishwa ile kanzu imeraruka, najua ni wizi. Sasa leo nimekuja na koti yangu." Aliligusa koti kifuani. "Hii ilikuwa ya kakangu. Nilipokuwa nasema ile maneno ya marehemu, ilikuwa ni ya kakangu."

Aliondoka na wenzake jioni ikianza. Fundi wangu alinipungia mkono getini, na mimi nikamnyooshea kidole cha utakuja-kuniona. Wale ndugu wa upande wetu nao wakaaga, jirani akavua tai ya baba akaiacha imekunjwa vizuri juu ya meza. Nje mbuzi wa ntheo walikuwa wamefungwa kwenye nguzo, tayari wamemaliza kula maua ya mama.

Nilimkuta baba sebuleni peke yake akihangaika na kile kiti. Kilikuwa kimesogezwa mbele kwa ajili ya wageni, sasa alitaka kukirudisha pembeni kwenye dirisha, na kilikuwa kizito kwake. Sikuwahi kumwona akibeba kiti. Nilisimama mlangoni.

"Yule mzee wenu ni hodari," akasema bila kunitazama.

"Ndiyo, baba."

"Ametaja babu zake wote bila kukwama hata mahali pamoja." Aliweka kiti chini ahemee. "Mwaitu, hakuna mtu anataja babu zake bila kukwama. Mimi nilikwama kwa wa tatu. Mtu asipokwama, amekariri."

"Kama ulijua," nikasema, "kwa nini uliniuliza? Kwa nini ukauliza hata mara ya pili?"

Alivua miwani. Nikajua atakataa kujibu. Lakini hakuifuta, aliitia mfukoni, na bila hiyo uso wake ulionekana mdogo, wa mtu ambaye simfahamu sana.

"Niliogopa," alisema. "Ungesema humjui, yeye angechukua mbuzi aende. Na mimi ningebaki hapa na nani? Na yule wa majani?" Alijaribu kucheka. "Niliwapigia ndugu zangu. Niliwapigia wote. Hakuna aliyeshika simu."

Baba yangu hakuwahi kuniambia kwamba anaogopa kitu chochote, na hakuwahi kuniambia tena baada ya siku hiyo. Nilishindwa kujua ninamwonea huruma au nina hasira naye kwa miaka yote ya kufuta miwani. Vyote viwili vilikuja pamoja. Nilienda nikashika upande wa pili wa kiti. Tulikiinua.

Tulipofika dirishani hakukiachilia. Alisimama amekishika, ameinamia mgongo wake mrefu, akaniuliza kwa sauti ambayo naijua vizuri kutoka shuleni, sauti ya mtoto anayekuja mezani kwa mwalimu baada ya wenzake kutoka.

"Na mimi, mwaitu? Mimi nilikuwaje?"